Muuza duka kamkatalia mwanangu gundi kwa sababu hajafika miaka 18, lakini sigara alimuuzia. Hii sheria ipo?

#1 Mama_Mkolani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Jana jioni nimemtuma mwanangu wa darasa la sita, ana miaka 12, duka la hapa hapa mtaani Mkolani achukue kiberiti, nyembe mbili na gundi ya kubandikia soli ya kiatu chake cha shule maana imeachama kama mdomo wa kamongo. Karudi na kiberiti na nyembe, gundi hana, anasema muuzaji kamwambia gundi haiuzwi kwa mtoto, aje mtu wa miaka 18 na kitambulisho chake.

Sawa, nikasema labda ni utaratibu mpya. Kilichonikera ni kwamba wiki iliyopita huyu huyu mtoto alitumwa na fundi wetu wa ukuta, duka lile lile, muuzaji yule yule, akapewa sigara mbili na hakuulizwa chochote.

Naomba kuelewa. Ya gundi ni sheria ya nchi, ni agizo la serikali ya mtaa, au mwenye duka kaamua tu? Sijaja kumsema mtu na duka silitaji, ila mimi narudi kazini saa 2 usiku na anayeenda dukani ni mtoto, kwa hiyo hili linanigusa.

#2 Sangara_Mbichi

Sheria ya gundi haipo. Ya sigara ipo, Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003, kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 ni marufuku. Kwa hiyo jamaa kageuza, kilichokatazwa kauza, ambacho hakijakatazwa kagoma.

#3 Nyakato_Sokoni

Mkuu #2 hujakosea kwenye sigara ila kwenye gundi umeenda haraka. Soma Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwanza inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Pili inakataza kumuuzia mtoto sigara, pombe, dawa za kulevya na vitu vingine vinavyolevya. Gundi ikinuswa inalevya. Muuzaji anaweza kuwa yuko sahihi kabisa bila yeye mwenyewe kujua.

#4 Sangara_Mbichi

Gundi imetengenezwa kubandika, haijatengenezwa kulevya. Ukienda hivyo mkuu #3 basi petroli imo, thina imo, rangi ya kupulizia imo, spiriti imo. Utafunga duka zima mtoto abaki na pipi na chumvi.

#5 Duka_Mabatini

Pole mama. Mimi nina duka la rejareja Mabatini huu mwaka wa tisa na gundi simuuzii mtoto, wala hakuna aliyeniagiza.

Ngoja nieleze ilivyoanza. Kulikuwa na dogo anakuja na sarafu, mia mia na mia mbili, zimelowa jasho, anataka gundi ya kopo dogo. Mara ya kwanza nikamuuliza ya nini akasema ametumwa na fundi. Mara ya pili, ametumwa na fundi. Siku ya tatu ndo nikamtazama vizuri, kavaa sweta la mikono mirefu na jua la Mwanza mnalijua, mkono mmoja kaurudisha ndani ya sweta, kumbe mle ndani kashika chupa ya maji, chini kuna gundi imeganda kama uji wa jana, na yuko anaongea na mimi huku anainamisha kidevu kwenye shingo ya sweta anavuta. Midomo imepasuka pembeni, vidole vimeshikana kwa gundi mpaka ngozi inabanduka. Umri wake nikimkadiria ni wa huyo mwanao.

Na mimi ndo nilimuuzia. Mara mbili. Tangu siku hiyo basi, hata aje mtoto wa jirani ninayemjua namwambia aje mama.

Sigara nitasema ukweli, mtoto ninayemjua kwao nilikuwa nampa, maana baba yake namuona pale kwenye benchi anaisubiri. Kwa hizo sheria mlizoandika hapo juu naona nilikuwa nakosea. Ila gundi sijawahi kumuona baba kwenye benchi anaisubiri.

#6 Kokoro_Moja

Dada #5 umejitaja mwenyewe na mtaa umeutaja, kesho afisa biashara anakuja kunywa soda kwako hahaha

#7 Duka_Mabatini

Aje, nitamkaribisha. Nimesema ukweli.

#8 Binti_wa_Nyegezi

Nadhani hii inatoka kwenye masupamaketi. Wafanyakazi wanafundishwa sera za nje halafu wanakuja kufungua fremu zao mtaani na yale yale. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, anasema kule umri wa kununua pombe ni miaka 25, na siku moja alinunua visu vya mezani kwenye mashine ile ya kujilipia mwenyewe, mashine ikagoma, taa ikawaka, akaja mfanyakazi kumkagua uso. Visu vya kulia chakula! Ana watoto watatu huyo.

#9 Nyakato_Sokoni

Hapo kwenye 25 turekebishe dada #8. Uingereza pombe na sigara ni 18. Hiyo 25 ni utaratibu wa maduka unaitwa Challenge 25, yaani muuzaji akiona sura yako iko chini ya miaka 25 anadai kitambulisho, ili asije akakosea kwa huyo wa 17 aliyekomaa. Wamejiachia nafasi ya miaka saba ya kukosea kwa macho. Visu ni kweli, chini ya 18 hauziwi. Rangi ya kupulizia ni chini ya 16.

Na tena wao gundi waliitungia sheria zamani, tangu 1985, kumuuzia wa chini ya 18 kitu ambacho muuzaji anajua au ana sababu ya kuamini kwamba atakinusa ni kosa. Angalia ilivyoandikwa, haikupiga marufuku gundi, ilimbana muuzaji na kile anachokijua. Siku hizi hiyo imeingizwa kwenye sheria nyingine ya 2016. Gesi ya kujazia viberiti nayo ina yake, tangu 1999 ni 18.

#10 Sangara_Mbichi

Sawa, hiyo "anajua au ana sababu ya kuamini" naikubali. Mtoto kaja na yunifomu na kiatu kimeachama mguuni, muuzaji ana sababu gani ya kuamini atanusa?

#11 Mama_Mkolani

Hakuvaa yunifomu mkuu, alikuwa na kaptula na kandambili. Kiatu kilibaki nyumbani. Labda ningempa akibebe.

#12 Fundi_Viatu_Igoma

Mnawabana wenye maduka wakati chanzo kiko kwetu. Watoto wengi wa mtaani hawanunui kopo dukani, kopo lina bei, wananunua kwa mafundi viatu kwa kijiko. Anakuja na chupa yake tupu anakupa mia mbili mia tatu unamchotea chini ya chupa, hata dakika haiishi. Mimi sifanyi, ila jirani yangu wa benchi alikuwa anafanya na tuligombana mpaka hatusalimiani, alikuwa ananiambia mbona wakinyimwa hapa wanaenda kwa mwingine hatua ishirini. Na ni kweli wanaenda. Lakini si kutoka mkononi kwangu.

Hii gundi yetu ya viatu hata sisi wakubwa inatusumbua. Kuna siku mvua ilinyesha tukaingia ndani ya kibanda tukafunga turubai, nusu saa tu kichwa kinagonga na unacheka bila sababu. Sasa mtoto anaivuta toka asubuhi mpaka jioni na tumbo tupu. Wenyewe wanasema inaondoa njaa na baridi.

#13 Duka_Mabatini

Fundi nakubaliana nawe ila kwangu walikuwa wananunua kopo, wanachanga watatu wanne. Usiseme hawanunui dukani.

#14 Dawa_Muhimu_Kisesa

Mimi ni muuzaji wa duka la dawa muhimu. Kwenye gundi ya viatu kuna kitu kinaitwa toluini, ndicho chenye ile harufu. Kibaya chake si kwamba kinaharibu taratibu tu, kinaweza kuufanya moyo upige ovyo na kusimama ghafla, na haijalishi kama ni siku ya kwanza au ya mia. Ndo maana sikubali hoja ya kwamba gundi ni ya kubandika tu.

Kwetu kazi kubwa ni hii hii ya watoto waliotumwa. Mtoto wa miaka tisa anakuja, mama anaumwa kichwa, nipe panadoli. Nikimkatalia mama analala na maumivu. Nikimpa boksi zima namuogopea njiani. Kwa hiyo nampa vidonge vinne vya dozi, naandika kwenye bahasha kwa herufi kubwa, namuuliza mama ana namba gani ya simu. Sumu ya panya, ingawa mimi siuzi, majirani zangu wa duka la pembejeo tumekubaliana nao asipewe mtoto wala kijana mwenye sura ya huzuni, hata awe na miaka 25. Hapo umri hausaidii, inabidi umuangalie mtu usoni na umuulize habari za nyumbani.

#15 Mwl_Ilemela

Hapo #14 umegusa penyewe. Umri wa mtu kwa macho haujulikani. Shuleni kwangu nina mvulana wa kidato cha kwanza, miaka 14, amenizidi urefu na ndevu zimeanza, na nina msichana wa kidato cha nne ana 19 ukimuona utampeleka darasa la tano. Duka likienda kwa macho huyo mvulana atanunua chochote na huyo dada atarudishwa kila siku.

Halafu tazameni, sangara tunampima kwa rula. Chini ya sentimita 50 haruhusiwi, hapo Mwaloni ukikutwa naye unakamatwa na samaki wanataifishwa. Mtoto wa mtu hana rula, anapimwa kwa jicho la muuza duka aliyechoka saa 1 jioni na foleni ya watu sita.

#16 Kokoro_Moja

Mwalimu kwa hiyo tuwapime watoto urefu mlangoni?

#17 Mwl_Ilemela

Nimetoka kusema urefu unadanganya. Soma tena kijana.

#18 Laini_na_Vocha

Rula ipo mwalimu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Mimi nasajili laini, tangu tuanze alama za vidole 2019 nimezoea, nikiiona namba sihitaji hata kuuliza umri. Muuza duka anaweza kuangalia tarakimu nane tu asiandike kitu kingine.

Na ndo kinachonishangaza, kibandani kwangu laini simpi mtu mpaka aweke kidole, ila meza ya pembeni yangu sigara inauzwa kwa mkono wowote unaonyooshwa.

#19 Binti_wa_Nyegezi

Sasa wangapi wanatembea na kitambulisho? Wengine tuna namba tu tumeandika kwenye karatasi kadi hatujaiona. Na mtu anakariri namba ya kaka yake anakutajia. Tena mimi sitaki kila muuza nyanya ajue tarehe yangu ya kuzaliwa.

#20 Laini_na_Vocha

Nyanya haina umri dada, tunaongelea sigara na gundi. Ila la kukariri namba ya kaka umenishika.

#21 Mzee_wa_Kirumba

Vijana nimesoma yote. Tatizo lenu mnaanza na muuzaji. Anzeni na anayetuma. Zamani mtoto kutumwa dukani ilikuwa shule. Mama anatema mate chini anakuambia yasikauke kabla hujarudi, unakimbia, unahesabu chenji, unajifunza kusema na watu wazima. Mimi hesabu nilijulia dukani. Sasa mkiweka kitambulisho mlangoni mtoto atajifunzia wapi kutumwa? Atakua anaogopa kuuliza bei ya mkate.

Mimi nilitumwa na marehemu baba tumbaku ya ugoro na sikuwahi kuinusa.

#22 Ziwani_Dada

Shikamoo mzee. Naheshimu uliyosema, kwako ilikwenda vizuri. Kwangu haikwenda hivyo. Mimi nilikuwa natumwa viroba, ile pombe kali ya vifuko, na mjomba aliyenilea, kabla havijapigwa marufuku. Nilikuwa na miaka 11. Kile kifuko kidogo unakificha kwenye soksi. Siku moja njiani nikang'ata kona nikaonja, siku nyingine tena, nikawa nikitumwa viwili namwambia bei imepanda nampa kimoja. Hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza chochote kwa sababu "ametumwa na mjomba". Hilo neno ametumwa lilikuwa ndo kitambulisho changu. Nimeacha kwa neema ya Mungu na kwa mwalimu mmoja wa kike aliyeninusa mdomo akanikalisha chini bila kunipiga.

Tarehe 1 Machi 2017 viroba vilipopigwa marufuku nililia kweli, watu walidhani nimefiwa.

#23 Mzee_wa_Kirumba

Marahaba mwanangu. Pole sana. Hilo sikulifikiria. Sumu na ulevi asitumwe mtoto, hapo nakuunga mkono, mkate na chumvi atumwe.

#24 Sangara_Mbichi

Viroba ni mfano mzuri lakini tazama njia iliyotumika, waliondoa bidhaa yenyewe, hawakumpa muuzaji kazi ya kukagua umri. Halafu zikaja chupa ndogo za plastiki, bei iko chini, zinaingia mfukoni vile vile. Umri ulikuwa 18 kabla na 18 baada, na dukani hakuna anayeuliza.

#25 Nansio_Express

Nimepitia haraka. Mtu asije akadhani Afrika Mashariki yote ni 18. Uganda tumbaku ni 21, sheria yao ya 2015. Mimi ni mtu wa dagaa navuka huko, na kwenye visiwa ziwa ni moja ila dogo wa miaka 19 upande huu anavuta halali, akivuka na mtumbwi kununua anakuwa mtoto. Nakwambia sijawahi kuona mtu akiulizwa lakini, upande wowote.

#26 Nyakato_Sokoni

Kenya nao serikali ilitoa sera 2025 inayopendekeza pombe ipande mpaka 21 na isiuzwe supamaketi, ikazua kelele sana. Na Maldives ndo wamebadili kabisa, tangu Novemba 2025 aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2007 au baadaye hauziwi tumbaku maisha yake yote. New Zealand waliipitisha ya namna hiyo 2022 wakaifuta 2024 kabla haijaanza kung'ata. Kwa namna ya Maldives zile tarakimu nane za #18 zingefaa kweli, maana unaangalia mwaka tu hufanyi hesabu.

#27 Boda_Buhongwa

Na enaji je? Kijiweni kwetu kuna madogo wa miaka 15, 16 wanasukuma pikipiki za watu usiku, anakunywa chupa nne ili asilale, kifua kinadunda anasema ni nguvu. Enaji inauzwa kila kona hata kwa mtoto wa chekechea.

#28 Dawa_Muhimu_Kisesa

Lithuania walikataza enaji kwa wa chini ya 18 mwaka 2014, Poland wakafuata Januari 2024. Uingereza 2018 masupamaketi makubwa yaliamua yenyewe kutowauzia wa chini ya 16 wakati sheria haikuwalazimisha. Hilo la mwisho linamjibu mama #1, duka linaweza kuweka umri wake lenyewe bila sheria yoyote. Duka ni lake.

#29 Sangara_Mbichi

Duka ni lake ndiyo, ila aandike ubaoni watu wajue. Leo kakataa gundi, kesho sabuni kwa sababu sura ya mtoto haijampendeza. Na watakaoteseka ni hao hao wa mtaani waliochakaa, mtoto msafi atapewa gundi bila swali.

#30 Duka_Mabatini

Hapa umeniumiza kidogo kwa sababu ni kweli. Yule dogo wa sweta angekuwa kavaa vizuri ningeendelea kumuuzia.

#31 Mashine_Ya_Mia_Mbili

Mmesahau mashine za dubwi. Mtoto anatumwa mchicha anapitia pale anaweka sarafu, michezo ya kubahatisha ni 18 kisheria, mashine iko nje ya duka na mwenye duka yuko ndani anauza unga. Anzisheni uzi wa hilo.

#32 Mama_Mkolani

Asanteni wote, nimesoma mpaka macho yameuma. Leo nimepita mwenyewe dukani. Muuzaji ni kijana mdogo tu, nadhani hata yeye hajavuka 20. Nikamuuliza kwa upole. Kwanza akasema ni amri ya bosi, bosi yuko Geita anakuja Jumamosi. Nikamuuliza tena akasema mwenyekiti wa mtaa alipita. Nikamuuliza sigara je. Akanyamaza, akapanga panga maboksi ya majani ya chai, halafu akaniambia, "Mama, gundi wanainusa hapa mbele yangu kwenye hii ngazi, nawaona. Sigara wanaenda kuvutia kwao."

Sigara ziko kwenye kopo la kioo juu ya meza, pembeni ya pipi za mtoto. Gundi kaiweka chini kwenye ndoo yenye kifuniko, na juu ya kifuniko kaweka jiwe.

Sikuwa na la kumwambia. Nimemuomba mwanangu asiuziwe sigara hata akisema katumwa na mimi, akasema sawa. Na yule fundi wa ukuta nimemwambia atakwenda mwenyewe.

#33 Nyakato_Sokoni

Kwa hiyo sababu tatu kwa swali moja, bosi, mwenyekiti na ngazi. Mimi nabaki na Sheria ya Mtoto.

#34 Sangara_Mbichi

Na mimi nabaki pale pale, haijaandikwa popote kwamba gundi ni kileo. Mwenyekiti wa mtaa hatungi sheria ya nchi.

#35 Ziwani_Dada

Mimi huyo kijana namuunga mkono, hilo jiwe tu lingenisaidia enzi zangu.

#36 Fundi_Viatu_Igoma

Mama #32, hicho kiatu soli imeachama mbele au pembeni? Kama ni mbele usihangaike na gundi, mtoto anakimbia anapiga mawe itaachia wiki haijaisha. Kishonwe kwa uzi wa nailoni mzunguko mzima.

#37 Mama_Mkolani

Mbele, mpaka katikati ya unyayo. Jumamosi naja nacho Igoma. Mtoto nitakuja naye, abebe mwenyewe.